Kicheko cha Nyla Juu ya Jina la Marehemu

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, usijali, shida zangu ni rahisi kuzishika. Niliacha kazi ya kupakia vifurushi ghalani ili niwe mtengeneza biti, yaani midundo ya nyimbo, wa kujitegemea. Mshirika wangu akanikimbia na vifaa vyote. Nikarudi nyumbani kwa mama yangu, Bi Earline, hapa Memphis, mimi na binti yangu Nyla wa miaka saba. Studio yangu ikawa chumba cha kufulia nguo.

Wiki iliyopita niliwaambia biashara imeanza kuchangamka. Kweli ilichangamka. Ila sikuwaambia ni kwa sababu gani, maana niliona aibu. Leo nasema, na aibu ninayo vilevile.

Jumatatu ya wiki hiyo Nyla alirudi kutoka shule akiruka ruka.

"Baba! Niko kwenye wimbo!"

"Wimbo gani tena?"

"Watoto wakubwa walikuwa wanaupiga kwenye basi. Wote wakageuka wakaniangalia. Baba, mimi ni staa!"

Akanikabidhi simu ya bibi yake. Nikabonyeza.

Kwanza nikasikia biti yangu. Halafu sauti ya mwanangu: "Baba, washa!" Kisha kile kicheko chake cha kukatika mbavu. Hapo sikushangaa, maana hiyo ndiyo saini yangu.

Sisi watengeneza biti hatusaini kwa kalamu. Tunatia sauti mwanzoni mwa kazi, ili hata wimbo ukipigwa ndani ya gari linalopita, mtu ajue nani kaupika. Wengine wanaweka king'ora, wengine kioo kinachovunjika. Mimi nilimrekodi Nyla akiwa na miaka minne, nikimtekenya. Watu wamenijua hivyo, Baba Washa, na hata ukurasa wangu wa biashara mtandaoni unaitwa Baba Washa.

Anayelipia biti anapata saini mara moja tu, mwanzoni. Ila ile ya bure, ya kuonjesha wateja, nimeitapakazia kicheko kila baada ya sekunde kumi na tano, ili mtu asithubutu kuiiba. Nani ataimba juu ya mtoto anayecheka kila saa?

Yupo aliyethubutu. Anajiita Coldwater, rapa wa upande wa kaskazini wa mji. Hakulipa. Alichukua ile ya bure na vicheko vyake vyote, akayapanga maneno yake yapishane navyo.

Anamtaja Marquell, kijana wa mtaani kwetu, kwa jina, halafu ananyamaza, na mwanangu anacheka.

Anasema Marquell alivyokimbia mpaka kiatu kikamtoka. Ananyamaza. Mwanangu anacheka.

Anasema mama yake Marquell alivyopiga magoti pale kituo cha mafuta. Ananyamaza. Mwanangu anacheka.

Nikaizima. Nikaiweka simu mbali na mkono wa Nyla. Marquell alikuwa na miaka ishirini. Alipigwa risasi pale kituo cha mafuta siku tisa kabla, na hata kuzikwa alikuwa bado.

Halafu kuna hili, ndilo lililonikausha mate. Mama yake Marquell ni Bi Ozella, dereva wa basi la shule la Nyla. Miaka miwili amembeba mwanangu asubuhi na jioni, mpaka alipochukua likizo ya msiba. Siku Nyla alipong'oka jino ndani ya basi, ni yeye aliyelifunga kwenye karatasi laini, akamwekea mfukoni lisipotee.

"Baba, mbona hufurahi?" Nyla akaniuliza.

"Nafurahi. Usimwambie mtu ni wewe, sawa?"

"Wanajua wote. Wameniomba nicheke, nikawachekea."

Nilimtafuta Coldwater jioni hiyo hiyo. Namba yake ipo wazi kwenye ukurasa wake. Akapokea huku anatafuna kitu.

"Kaka, mimi ndiye Baba Washa," nikasema.

"Heee! Mkuu mwenyewe! Umeona ngoma inavyokimbia?"

"Iondoe. Tafadhali."

"Niondoe nini? Mwenyewe uliiweka pale bure kama maji ya bomba."

"Ile ni ya kusikiliza tu. Na huyo anayecheka ni mwanangu."

"Basi mwambie ana kipaji. Anajua kuingia kwa wakati kuliko wasanii wangu wote."

"Mtu ameuawa, kaka. Mama mtu yupo hai, anasikia."

Akaacha kutafuna. "Sikiliza, mzee. Ukinifungulia mashtaka kule mtandaoni, huo wimbo utafutwa, najua. Na mimi nitawaambia watu mtoto ni wa nani na analala wapi. Usiku mwema."

Akakata.

Ndugu zangu, hapa ningeweza kusema niliuacha wimbo kwa sababu ya tishio hilo, nanyi mngenihurumia. Ila nimeahidi kusema kweli. Jumanne asubuhi nilishakaa kwenye kompyuta, nimejaza fomu ya malalamiko ya wizi wa biti, imebaki kubonyeza tu. Ningebonyeza, wimbo ungeshuka kabla ya jua kuzama.

Simu ikaita. Namba ya Atlanta.

"Naongea na Baba Washa? Naitwa Simone, natafuta watengeneza biti kwa ajili ya kampuni ya muziki." Akaitaja kampuni. Mimi siitaji hapa, ila mngeijua. "Nimesikia hiyo kitu yenye mtoto. Nani mwingine umempa?"

Miaka sita nimetuma biti kwa watu wa aina yake, wala mmoja hajawahi kunijibu, hata tusi.

"Dada, kuna tatizo na huo wimbo," nikasema. "Nataka kuushusha."

"Usiuguse! Unaniua! Namba zinapanda kila saa. Ijumaa saa nane naingia kikaoni na jina lako. Wimbo ukiwa umeshuka, nitawaonyesha nini?"

"Lakini..."

"Tavaris, ndilo jina lako, siyo? Vumilia mpaka Ijumaa. Siku tatu tu."

Nikaifunga ile fomu. Nikajiambia ni siku tatu tu.

Kilichonitia wazimu ni kwamba kazi zilikuja mfululizo. Watu nisiowajua walitaka biti "yenye mtoto anayecheka". Niliwajibu wote. Nilitengeneza nne ndani ya siku moja, na mlango wa chumba cha kufulia nimeusogezea mashine ili mtu asiingie ghafla.

Jumatano ilikuwa mazishi ya Marquell. Mama yangu alioka keki ya karameli, ile ya matabaka matatu anayooka kwa ajili ya msiba tu.

"Vaa twende," akaniambia.

"Tumbo linaniuma, mama."

"Tumbo lako linaumaga kila palipo na jeneza. Marquell alikukatia nyasi hapa mbele kiangazi kizima, na wewe unalala?"

"Wape salamu zangu."

"Salamu za mazishi hazitumwi, wewe Tav." Akabeba keki yake, akaondoka.

Alirudi jioni, kofia mkononi, akakaa kwenye ngazi ya jikoni bila hata kuvua viatu.

"Kuna wimbo," akasema. "Vijana pale kanisani walikuwa wanausema wakati watu wanakula. Eti kuna mtoto anamcheka marehemu. Ozella ameusikia. Mtu alimtumia asubuhi, anavaa kwenda kumzika mwanawe."

Nikapiga magoti nikamvua viatu.

"Roderick, yule mwanawe mkubwa, hakugusa hata kuku. Amesimama ukutani tu. Anasema Coldwater atampata siku yake, ila kwanza anamtaka aliyemkodisha mtoto. Hebu nieleze, ni mzazi gani anaweza kumpa mtoto acheke maiti?"

"Sijui, mama."

"Na mimi sijui. Mungu anamwona."

Mama yangu hasikilizi biti zangu, anasema zinamtikisa meno. Hakujua. Nami nikamwacha hivyo hivyo, asijue.

Niliingia chumbani kwangu nikafungua ukurasa wangu. Juu kabisa ilikuwepo picha ya Nyla amevaa visikizio vikubwa vya masikioni, anacheka. Nikaiondoa. Nikaondoa jina la mji. Nikafuta namba ya simu.

Wimbo nikauacha. Ilikuwa imebaki Alhamisi moja tu.

Alhamisi hiyo sikumpeleka Nyla shule, nikasema ana mafua. Alilia siku nzima kwa sababu hana mafua. Gari jeusi la mizigo lilipita mtaani kwetu mara mbili, pole pole, dereva anatazama namba za nyumba. Nilikaa sakafuni chini ya dirisha, mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja, nimekumbatia kinanda changu cha kompyuta.

Ijumaa mama akakataa. "Mtoto mzima namwona hapa, atasoma. Nampeleka kituoni mimi mwenyewe." Nami nikakubali, kwa sababu Bi Ozella alikuwa na likizo ya msiba mpaka mwezi ujao, na dereva wa muda ni mzee mmoja kiziwi wa sikio moja. Nikaona ndani ya basi ni salama kuliko kwangu.

Saa nane mchana nikakaa na simu mapajani. Saa nane na nusu ikaita.

"Wamekubali!" Simone akapiga kelele. "Tavaris, wamekubali! Mkataba wa mwaka mzima! Sharti moja tu, wanataka haki ya sauti ya mtoto. Kicheko kile ndicho wanachonunua."

Nililia. Siwafichi. Nililia kwa furaha, nikaibusu mashine ya kufulia. Nikaenda jikoni nikamkumbatia mama yangu kwa nyuma.

"Tumepita, mama! Tumepita!"

"Niachie, nitaungua. Kumepita nini?"

"Kazi! Atlanta! Nitakueleza Nyla akirudi."

"Afadhali furaha iingie humu ndani," akasema, akigeuza samaki kwenye kikaango. "Maana asubuhi nimeumia roho. Ozella amerudi kazini leo. Anasema nyumba inamkaba, bora aendeshe. Amevaa fulana yenye picha ya Marquell juu ya sare. Nyla kamrukia shingoni, ndio hao wakaingia wanacheka."

"Wanacheka?"

"Nyla alicheka. Mtoto atafanyaje? Ozella akamshika uso akamwangalia hivi, muda mrefu, mpaka magari ya nyuma yakapiga honi."

Sikuaga. Nilitoka na soksi.

Kutoka kwetu mpaka kituoni, kona ya duka la matairi, ni mwendo wa dakika nane. Nilikimbia. Njiani nikampigia mwalimu, akanijibu basi limeshaondoka. Nikafungua ile fomu ya malalamiko huku nakimbia, vidole vinateleza kwa jasho, nikabonyeza. Siku nne nzima kitu hicho kilikuwa kinahitaji kidole kimoja tu.

Nilipofika, watoto wa mtaa wetu walikuwa wameshashuka, wanatawanyika na mabegi yao. Basi la njano lilikuwa bado limesimama, taa nyekundu zinawaka na kuzima, mlango umefungwa.

Ndani walikuwa wawili tu, Bi Ozella kwenye usukani na Nyla kwenye kiti cha mbele, amekumbatia begi.

Nikagonga kioo kwa viganja vyote viwili.

"Bi Ozella! Nifungulie! Mtoto wangu!"

Alinitazama. Macho yake yalikuwa makavu kabisa, na hilo lilinitisha kuliko angekuwa analia. Akabonyeza swichi. Mlango ukafunguka, nikapanda, na nyuma yangu ukajifunga.

"Baba," Nyla akasema kwa sauti ndogo, "Bi Ozella kaniomba nicheke na siwezi. Nimejaribu."

"Kaa, Tavaris," akasema Bi Ozella.

"Mama, nakuomba..."

"Nimesema kaa."

Nikakaa karibu na Nyla, nikamweka ubavuni mwangu.

"Asubuhi nilimsikia," akasema. Mikono yake ilikuwa juu ya usukani kama vile bado anaendesha. "Miaka miwili nakisikia kicheko hiki nyuma yangu kila siku. Kwenye ule wimbo sikukitambua, hasira zilinijaa. Leo kacheka hapa sikioni, nikakitambua. Nikamuuliza sasa hivi, nani alikuambia umcheke Marquell?"

"Hakumcheka Marquell! Alikuwa na miaka minne, nilikuwa namtekenya!"

"Ndivyo alivyoniambia na yeye. Kasema, baba ndiye aliyenirekodi." Akageuka. Uso wa Marquell kwenye fulana ukageuka nao, anatabasamu, na tarehe mbili chini yake. "Mtoto simlaumu. Nakuuliza wewe. Uliusikia lini huo wimbo?"

Ningeweza kusema leo. Ningeweza kusema sasa hivi, njiani. Lakini Nyla alikuwa ananiangalia, na Nyla anajua ni siku gani.

"Jumatatu," nikasema.

"Jumatatu." Akatikisa kichwa pole pole. "Jumatano nilikuwa namzika."

"Najua. Mama yangu alileta keki."

"Niliila keki yenu," akasema. "Ndicho kilikuwa kitu cha kwanza kuingia mdomoni mwangu siku tatu. Kuna namna ya kuufuta, Tavaris? Nyie watu wa muziki, mnaweza?"

"Ndiyo."

"Inachukua muda gani?"

"Dakika moja. Nimeshafanya sasa hivi, nilipokuwa nakuja."

"Na Jumatatu?"

Nilifungua mdomo kumwambia habari ya Coldwater na tishio lake. Nikaliacha.

"Kuna watu wa kampuni waliutaka," nikasema. "Waliniambia nisubiri mpaka leo. Leo wamenikubali."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alijipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono, akasema, "Hongera."

"Nisamehe, mama. Nimekosa. Nifanye lolote, ila mwache Nyla ashuke."

"Mimi sina neno na Nyla." Sauti yake ikapungua. "Tatizo ni kwamba asubuhi nilikuwa na moto kichwani. Nilipotambua kile kicheko, nilimpigia Roderick. Nikamwambia mtoto ni nani na anashukia kona gani. Saa sita nikampigia tena nimwambie atulie. Saa saba nikapiga. Hapokei."

Ndipo nilipoliona. Gari jeusi la mizigo liliingia kwa kasi kutoka upande wa duka la matairi, likavuka mstari, likasimama pua kwa pua na basi. Milango mitatu ikafunguka pamoja. Roderick alishuka wa kwanza, fulana ileile, uso uleule wa mdogo wake kifuani. Mkono wake wa kulia alikuwa ameuficha nyuma ya mgongo.

Nilimsukuma Nyla chini ya kiti nikamlalia juu. Nilisikia hatua zikizunguka basi. Halafu ngumi mlangoni.

"Mama! Huyo ndani ni baba yake? Fungua!"

"Rudi kwenye gari, Roderick!"

"Fungua au navunja kioo!"

"Kuna mtoto humu!"

"Najua kuna mtoto! Umesahau alichofanya huyo mtoto?"

Nyla alikuwa ananishika shati, nasikia meno yake yanagongana. "Bi Ozella," akaita kutoka chini, "ni nani huyo?"

Bi Ozella alifungua mkanda wake. Akainuka, akaja mpaka kwenye kiti chetu, akainama, akamvuta Nyla taratibu kutoka chini yangu, akambeba kama vile ana mwaka mmoja, uso wa mtoto ameuficha shingoni mwake.

"Ni mwanangu aliyebaki," akamwambia.

Kisha akanitazama mimi, bado nimelala sakafuni na soksi zangu chafu.

"Ndani ya basi langu mtoto haguswi," akasema. "Miaka kumi na tisa hakuna aliyeguswa, na leo hataguswa. Lakini wewe, Tavaris, si mtoto."

Akanyoosha mkono kwenye swichi, na mlango ukafunguka.